Kikaratasi Mlangoni kwa Wifi Jokha

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, ahsanteni kwa kuja. Nasoma mimi Thuwaiba, mke wa mdogo wake, niliyeishia darasa la saba, kwa kuwa marehemu mwenyewe alitaka hivyo, akisema nikisoma mimi kila mtu ataelewa.

Dkt. Jokha Suhaib alizaliwa Chake Chake, Pemba, tarehe 14 Mei 1986, akasoma huko hadi kidato cha sita, mwaka 2006 akaja Birmingham, akapata shahada ya kompyuta mwaka 2009, na Septemba ya mwaka huo akaajiriwa kuwa mhandisi katika kampuni inayotengeneza programu za ratiba za mabasi. Tarehe 9 Julai 2011 aliolewa na Bwana Hafidh Mselem, wakaishi mtaa wa Ladywood, hapa Birmingham, wakajaaliwa binti yao Iman tarehe 2 Februari 2014.

Nilipohamia kwao na mume wangu Januari 2017 nilikuta ukutani, juu ya jiko, kikaratasi chenye mwandiko wake, "Upande wa kushoto mbovu, usiwashe," nikatii, nikapikia wageni upande mmoja miezi mitano, mpaka aliponiona akauliza, "We Thuwaiba, huko kushoto kuna jini?" Kumbe jiko bovu lilishatupwa zamani, lile lilikuwa jipya. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akaniambia kwamba hata kazini kwao huachiana maelezo ndani ya programu, programu ikibadilishwa maelezo hubaki yale yale, na anayekuja nyuma hupotea.

Oktoba ya mwaka huo akaanza shahada ya uzamivu juu ya jambo hilo hilo, siku nne kazini, siku mbili chumbani, na mlangoni akabandika, "Naandika, msigonge." Kila Jumapili alinisomea kurasa zake huku nikinyonyesha, nikisema sijaelewa alifuta akaandika upya, wala hakunionesha hata siku moja kwamba mjinga ni mimi.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na hofu yetu sote ikawa moja, kwamba hatamaliza. Alifaulu mtihani wa mdomo tarehe 18 Machi 2025, watahini wakataka masahihisho, akayafanya akiwa amelazwa hospitalini Edgbaston, na barua ya kukubaliwa ikaja tarehe 6 Juni. Siku hiyo alikuwa amesharudishwa nyumbani lakini hakuweza kusimama, akaniambia, "Kabandue kile kikaratasi mlangoni. Si kweli tena." Nikakibandua, na tangu hapo watoto, Iman na wangu, waliingia bila kugonga, wakampandia kitandani, naye akawasogezea mto. Alifariki nyumbani tarehe 21 Juni 2025, mlango ukiwa wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, msimamizi wake wa chuo aliyekuja kukaa naye wodini na karatasi mapajani, Rupesh wa kazini aliyebeba kazi zake bila kuombwa, na jirani yetu Bi Parveen, aliyeleta supu kila Jumanne akisingizia kwamba amekosea kipimo.

Umemaliza, wifi yangu. Pumzika kwa amani.