Lemi Gune Alirudi Juba

Wasikilizaji wapendwa, kama jenereta ya jirani inawapigia kelele, sogezeni redio karibu na sikio. Mlioko Jebel, mlioko Bilpam, nyinyi madereva mliopumzisha malori pale Nesitu, leo nawaomba mnipe muda wenu. Mimi ni Zilpah. Leo tunamkumbuka Lemi Gune.

Lemi Gune, mshambuliaji. Alichezea timu ya taifa ya Uganda, kisha akachezea timu ya taifa ya Sudan Kusini. Amefariki Alhamisi iliyopita hapa Juba, akiwa na miaka thelathini na miwili. Ameacha mama yake, Mama Juliet, na mke wake, Akon.

Nimekaa na mama huyo na mjane huyo wiki hii, chini ya turubai la msiba. Haya nitakayowaambia ni yale waliyoniambia.

Lemi alizaliwa Adjumani, kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi. Baba yake, Elkana, alikuwa mwalimu. Kila mwaka mwalimu Elkana alisema mwaka ujao tutarudi nyumbani. Alisema hivyo mpaka akafa, akazikwa hukohuko Adjumani. Lemi alikuwa bado shule ya msingi.

Mama Juliet alimlea kwa kulima mihogo na kukaanga mandazi. Anasema mtoto huyo alikuwa mkaidi tangu tumboni. Alipokatazwa kucheza mpira na viatu vya kanisani, alicheza pekupeku na viatu akaviweka kwenye mstari kuwa goli. Viatu vikaibwa. Jumapili iliyofuata akaenda kanisani pekupeku, kichwa juu, akakaa benchi la mbele kabisa.

Akiwa na miaka kumi na tisa, klabu moja ya Kampala ikamchukua. Hakuwa mrefu. Alikuwa na mwili mzito kidogo, na mabeki walidhani hana kasi. Kabla hawajagundua kosa lao, mpira ulikuwa wavuni. Miaka mitatu baadaye akaitwa timu ya taifa ya Uganda. Akacheza mechi mbili za kirafiki. Magazeti ya Kampala yakaanza kuandika jina lake bila kulikosea.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo wengi wetu tungetulia. Kijana wa mkimbizi, jezi ya taifa, mshahara kila mwezi. Ungetaka nini tena?

Sudan Kusini ikamwita. Na sheria za mpira zilimruhusu, kwa sababu mechi zile mbili zilikuwa za kirafiki tu. Lakini angalieni ilikuwa mwaka gani. Ilikuwa ule mwaka wa mapigano hapa Juba. Watu walikuwa wanavuka mpaka kule Nimule na magodoro kichwani. Adjumani ilikuwa inajaa upya. Na katikati ya hayo Lemi akapanda basi kwenda kumwambia mama yake kwamba amekubali kuichezea Sudan Kusini.

Mama Juliet anakumbuka alichomwambia. Alimwambia, "Lemi, watu yote inakimbia kutoka huko. Wewe iko nakimbilia huko?"

Lemi akamjibu, "Mama, mimi nikingoja hii nchi kwanza iwe nzuri, nitazeeka bila jezi."

Mama hakula siku hiyo. Lemi alikula, akaosha sahani zote, akarudi Kampala kusaini.

Klabu yake haikumwongezea mkataba. Mashabiki waliokuwa wanamwimba wakamwita msaliti. Kuna mtu alimwandikia kwenye simu kwamba Uganda ilimlisha na yeye ameitemea mate. Akon ananiambia ujumbe huo Lemi alikaa nao muda mrefu bila kuufuta. Ulimuuma. Uganda ilimlisha kweli, na yeye hakuwahi kukataa hilo hata siku moja.

Sasa mtadhani Juba ilimpokea kwa vigelegele. Haikumpokea hivyo.

Kabla ya mechi yake ya kwanza hapa, waandishi walimuuliza maswali kwa Kiarabu cha Juba. Lemi akajibu kwa Kiswahili chake cha Uganda na Kiingereza. Jioni hiyo watu walikuwa wameshamaliza kesi: huyu ni mgeni. Uwanjani, kila alipogusa mpira, jukwaa moja likapiga kelele, "Ugandi! Ugandi!" Yaani Mganda. Rudi kwenu, Mganda. Alipiga shuti likapaa juu ya goli, wakacheka. Akatolewa kabla mechi haijaisha.

Alipokuwa anatoka, hakuinamisha uso. Alipita mbele ya jukwaa lilelile, taratibu, akiwatazama. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi.

Kampala yeye ni msaliti. Juba yeye ni mgeni. Wasikilizaji wapendwa, wangapi kati yenu mnaijua hali hiyo? Msinijibu, najua mko wengi.

Lemi hakurudi Kampala. Alipanga chumba Jebel, karibu na soko. Pale sokoni kulikuwa na dada mmoja anauza chai. Huyo ndiye Akon. Lemi akaagiza chai kwa Kiswahili. Akon, ambaye Kiswahili anakijua vizuri tu, akamwambia hasikii. Alimwambia chai yake inaagizwa kwa Kiarabu cha Juba. Lemi akajaribu, akakosea, wateja wakaangua kicheko. Kesho yake akarudi. Akakosea tena. Akaendelea kurudi mpaka akaagiza sawasawa, na kwa Kiarabu hichohicho akamwomba Akon akubali kuolewa naye.

Ndugu wa Akon walinung'unika, kwamba binti wa Kidinka anaolewaje na mtu wa jimbo la Ikweta aliyekulia Uganda. Ndugu wa Lemi nao walinung'unika kwa upande wao. Hao wawili wakafunga ndoa kanisani, na wanung'unikaji wote wakaja kula.

Mwaka uliofuata Sudan Kusini ilicheza na Uganda, Kampala. Lemi Gune akawa amerudi kwenye uwanja alikokuwa anashangiliwa. Safari hii alizomewa tangu anapasha mwili. Uganda wakafunga la kwanza, la pili, la tatu. Mechi ilikuwa imekwisha. Kisha mpira ukatoka kushoto, Lemi akautuliza kwa kifua, akampita beki aliyekuwa anakaa naye chumba kimoja zamani, akapiga. Bao.

Mnajua desturi ya wachezaji. Ukiifunga timu yako ya zamani unanyanyua mikono, unaomba radhi. Tena mnafungwa tatu kwa moja. Lemi hakuomba radhi. Alikimbia mpaka kwenye kibendera cha kona, mbele ya waliokuwa wanamzomea, akapiga magoti, akabusu nembo ya jezi yake.

Baadaye mwandishi akamuuliza alikuwa anashangilia nini wakati wamefungwa. Jibu lake watu wa Juba wanalo mpaka leo kwenye simu zao. Alisema, "Hii ni goli ya nchi yangu. Kama iko moja, mimi nafurahia hiyo moja."

Aliporudi Juba, hakuna aliyemwita Ugandi.

Akaichezea Sudan Kusini miaka sita. Kisha goti la kushoto likaanza kuuma. Alidhani ni jeraha la kawaida. Akacheza na dawa za maumivu, akafunga na dawa za maumivu. Uvimbe ukatokea juu ya goti. Madaktari wakamwambia ni saratani ya mfupa, na mguu lazima ukatwe.

Akon alikuwepo chumbani. Anasema Lemi aliwauliza madaktari kama mguu wa kulia ni mzima. Wakasema ni mzima. Akasema, "Khalas, basi. Huo ndio wa kufunga."

Mguu ukakatwa. Msidhani hakulia. Alilia. Mama Juliet alifunga safari kutoka Adjumani kuja kumuuguza, na anasema alimkuta amegeukia ukuta, hataki hata uji. Lakini anasema pia kwamba hakumsikia akijuta kuja Juba. Mama huyo alikuja kwa mwezi mmoja. Hakuondoka tena.

Hapa Juba kuna timu ya watu waliokatwa miguu. Wengi ni askari wa zamani. Wanacheza kwa magongo, mguu mmoja unapiga, na gongo likigusa mpira ni kosa. Nahodha wao anaitwa Both. Mguu wake ulichukuliwa na bomu la ardhini. Lemi akaenda kwao na magongo mapya, kabla daktari hajamruhusu.

Both ananiambia siku ya kwanza walimwachia nafasi. Nyota wa taifa, mgonjwa, nani atamkaba? Akafunga mabao mawili bila kuguswa. Kisha akasimamisha mchezo. Akawaambia kwa Kiarabu, na hapo Kiarabu chake kilikuwa hakina kosa, kwamba wakiendelea kumwonea huruma anaenda nyumbani.

"Basi mpira uliofuata nikamkata vizuri," Both anasema. "Magongo huku, yeye kule. Akakaa kwenye vumbi anacheka. Nikajua huyu ni wetu."

Alicheza nao mwaka mzima na zaidi. Alikuwa anatembea na Both kwenda kuwatafuta majumbani watu waliojificha kwa sababu ya miguu yao. Anagonga mlango, anasema amekuja kuchukua mchezaji. Ukisema huwezi, anakuuliza umejaribu lini.

Kisha kifua kikaanza. Saratani ilikuwa imepanda kwenye mapafu. Wiki zake za mwisho aliomba kitanda kisogezwe mlangoni, aone watu wanaopita kwenda sokoni. Alhamisi asubuhi Akon alikuwa anamlisha uji. Akameza vijiko vichache, akamshukuru, akalala. Hakuamka.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kukawa na mvutano. Baadhi ya wajomba walitaka mwili uende Adjumani, Lemi alazwe kando ya baba yake. Walikuwa na sababu, na waliisema kwa heshima. Akon akakataa, lakini Akon ni mke, na ni mke kutoka kabila lingine. Wazee wakamgeukia Mama Juliet. Mumewe yuko Adjumani. Kila mtu alidhani atasema Adjumani.

Mama Juliet akasimama. Mimi nilikuwepo. Alisema, "Baba yake alikufa akingoja kurudi. Huyu alirudi. Mumuzike pale alirudi."

Wazee wakakubali.

Jumamosi tukatoka kanisani. Vijana wenye nguvu zao walikuwa wamejipanga kubeba jeneza. Both akaja na wenzake, magongo kwapani, akasema wao ndio watabeba. Watu wakaanza kuwazuia kwa upole. Mtaanguka. Pumzikeni, tutawasaidia. Mama Juliet akasema waachwe, hao ndio timu yake.

Wakabeba. Kila mmoja bega moja chini ya jeneza, gongo moja mkononi. Hatua moja, wanasimama. Hatua nyingine, wanasimama. Mmoja aliteleza, jeneza likainama, wao wakalinyanyua tena. Magari na bodaboda zilisimama pande zote mbili za barabara. Hakuna aliyepiga honi. Waliotaka kusaidia walifukuzwa kwa macho. Wakamfikisha makaburini wenyewe, jua likiwa juu kabisa, mashati yamelowa jasho.

Lemi Gune. Mshambuliaji wa Uganda. Mshambuliaji wa Sudan Kusini. Mshambuliaji wa timu ya magongo ya Juba.

Kwa Mama Juliet, kwa Akon, kwa Both na timu nzima, na kwa wajomba waliosafiri kutoka Adjumani: poleni sana. Poleni kutoka kwangu, na kutoka kwa kila anayesikiliza. Mungu awatie nguvu.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Wapo wanaorudi kila wiki kutoka Uganda, kutoka Kenya, kutoka Khartoum, na lugha zao zilizopinda. Tunawapokeaje? Tunawaacha wakae, au tunawauliza wataondoka lini?

Msiba uko Jebel, nyuma ya soko, na turubai bado halijashushwa. Nendeni mkakae na mama. Akon atawapa chai. Na mtu akiwauliza pale langoni nyinyi ni watu wa wapi, msianze hadithi ndefu. Mwambieni ni watu wa hapa Juba, mwingie ndani, mkae.