Mkono Ulioshika Sinia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, tarehe thelathini mwezi huu Mama Kivuli, fundi wa maabara yetu ya sola, atavua koti lake jeupe na kustaafu. Nimeombwa niandike maneno matamu kwenye kijitabu hiki cha kumuaga. Nitajaribu, ila nina hasira, na yeye anajua.

Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo. Kufikia mwaka wa tano alikuwa akiwafundisha wenye shahada kumimina asidi bila kujiunguza. Kovu la kidole gumba chake lilikuwa somo tosha. Aliyeacha chombo kichafu alikikuta mezani pake, kando ya chai.

Kisha ukaja mradi wa majani. Watafiti walitaka kutoa kwenye majani chembe ndogo mno za kaboni, wazipake kwenye seli za sola ili mwanga unaopotea bure ugeuke umeme. Miezi saba walipata madonge matupu. Wakalaumu majani, wakalaumu mashine, wakalaumu hata maji ya bomba. Mama Kivuli akawaambia, "Jamani wanangu, mnayaunguza kwenye tanuri. Yaacheni yakauke kivulini, siku tisa." Walicheka, na jina la utani likazaliwa hapohapo. Akayatandaza mwenyewe kwenye masinia, koridoni, akiyageuza asubuhi na jioni. Ufanisi wa seli ukapanda kutoka asilimia kumi na moja hadi kumi na tatu.

Ripoti ilitoka na majina sita. Lake halimo! Mkuu wa idara alipoulizwa, akasema fundi huyo hana shahada. Na hayo majani yalikuwa na shahada gani? Kibaya zaidi, jalada la ripoti lilipambwa kwa picha ya mkono wake umeshika sinia, mwenyewe kakatwa. Picha hiyo niliipiga mimi, mpiga picha wa idara, nikaikabidhi ikiwa nzima. Nilipoona walivyoikata nilinyamaza, nikihofia kibarua changu kuota nyasi. Naona aibu hadi leo.

Yeye hakununa. Kesho yake alifika saa moja kamili, akageuza majani.

Mama Kivuli, asante kwa kila sinia na kila karipio. Nenda ukapumzike na mzee wako na wajukuu, afya isikuache, na usiguse tena chombo kichafu cha mtu.

Nawe msomaji, funga kijitabu hiki utazame jalada lake. Picha ni ileile, safari hii nzima: sinia, kovu, na mwenye mkono anacheka. Mkuu wa idara akitaka kujua nani kairuhusu, nipo chumba namba nne.