Tafsiri za Alasiri za Bi Mwatima Mcha wa Kajificheni, 1958–2025

Kwa jina la Mola, aliyetupa mama kabla hajatupa akili. Karatasi hii inasomwa kwenye hitma ya wanawake kwa sababu makaburini sisi hatwendi. Wanaume walisomewa yao na kaka Adil, fupi, safi, haina kosa. Hii imeandikwa na kitindamimba wa marehemu, Maisara, ambaye ndiye mimi ninayesoma. Nimetakiwa niweke tarehe sahihi na nisichekeshe. Tarehe ni sahihi.

Marehemu Mwatima binti Mcha alizaliwa Kiwengwa, siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Mcha Usi, mkwezi wa minazi, na Bi Tabia Khamis. Baba yake aliiandika tarehe hiyo kwa mkaa nyuma ya mlango wa chumbani. Nyumba ilipokuja kuvunjwa, mlango ulibakishwa. Ndio uliokuwa cheti chake.

Alisoma Kiwengwa hadi darasa la saba. Alikuwa hodari wa kusoma kwa sauti, na mwalimu wake alizoea kumpa gazeti awasomee wenzake. Palipokuwa na habari ya msiba aliparuka. Alipoulizwa kipande cha katikati kimekwenda wapi, alimjibu mwalimu kwamba kile hakikuwafaa watoto. Alichapwa viboko viwili. Tabia yake hiyo haikubadilika, kama tutakavyoona.

Mwaka 1975 aliletwa mjini, Hurumzi, kwa mzee Jayantilal, muuza vitambaa, amsaidie mkewe Bi Mitali kulea watoto. Alikaa miaka sita. Humo alijifunza Kigujarati cha jikoni na Kihindi cha sinema, kwa kuwa Bi Mitali hakupenda kulia peke yake. Mwanzo Bi Mitali alikuwa akimfafanulia kila neno. Baada ya miezi michache walikuwa wakilia pamoja bila ya kufafanuliana. Alipotoka huko alipika bajia na kachori za kuuza mlangoni, na kazi hiyo aliifanya mpaka macho yalipomkataza.

Tarehe 6 Septemba 1981 aliolewa na marehemu baba yetu, Tahir Mahfoudh, fundi wa redio na televisheni, hapa hapa Kajificheni. Walijaaliwa Adil, Yusra, na baada ya kila mtu kukata tamaa, mimi. Baba alifariki tarehe 3 Mei 2009. Alituachia nyumba, sanduku la bisibisi, na televisheni kubwa ya mteja ambaye hakurudi kuichukua. Ndiyo hiyo hapo nyuma yenu.

Wengi wenu mlimjua mama kwa televisheni hiyo. Kila siku baada ya sala ya alasiri mkeka ulitandikwa, na Bi Wanu wa nyumba ya mbele alikuwa wa kwanza kuvua viatu. Tamthilia ilikuwa ya Kihindi, ya mama mmoja na mwanawe wa pekee, na haikuwa na maandishi chini. Mama ndiye aliyetafsiri. Katika tafsiri yake mkwe hakumtukana mama mkwe, alimuuliza kama ameshakula. Watu walilia kwenye kioo, na mama akasema hayo ni machozi ya furaha, harusi i karibu. Niliona ajabu nchi moja iwe na harusi nyingi hivyo.

Sasa nisome lile ambalo kaka Adil alinambia niliruke.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilikuwa nimeshaacha stashahada yangu ya uandishi wa habari ikiwa imebaki semista mbili. Mama akiwaambia watu "bado anasoma," na hiyo nayo ilikuwa tafsiri. Kazi yangu ilikuwa kurusha vichekesho mtandaoni. Nikaipata tamthilia ile ile ikiwa na maandishi ya Kiswahili. Nikatengeneza klipu: juu kioo na maandishi yake, chini mama na wenzake mkekani, akiwafasiria. Mtoto anamtupia mama yake sanduku barabarani. Maandishi yanasema, "Toka, nisikuone tena." Mama anasema, "Anamwambia twende mama, nshakupatia daktari, nimekubebea na nguo zako." Mwisho wa klipu nilicheka mimi mwenyewe, kicheko kirefu. Kesho yake nusu ya mji ilikuwa inacheka na mimi.

Nililolisahau, mnalijua. Mtoto wa Bi Wanu, Qasim, alikwenda Maskati mwaka 2011, na simu yake ya mwisho ilikuwa mwaka 2014. Mama alitafsiri kwa kuangalia waliokaa mkekani, si kwa kuangalia kioo. Na aliyekaa karibu naye zaidi alikuwa Bi Wanu.

Mama aliitazama klipu mara moja, akanirudishia simu. "Umenitoa mnene," alisema. Akaifunika televisheni kwa kitambaa cha meza. Bi Wanu hakuja siku ile, wala ya pili. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani mama alimpelekea futari kila siku kama kawaida yao ya miaka thelathini. Kwetu sahani hairudi tupu. Ilirudi tupu siku zote thelathini, imeoshwa vizuri, inang'aa.

Nilimwomba mama radhi. Akanijibu, "Yangu unayo tangu hujazaliwa. Ya Bi Wanu si yangu niigawe. Kaifuate." Sikwenda. Ni hatua nne za uchochoro, na mimi ninayejua kumsema kila mtu mdomo ulinikauka.

Mwezi wa Mei sukari iliyokuwa ikimsumbua tangu 2016 ilimpofua kabisa, na figo zikafuata. Mliowahi kuuguza mnajua siku zinavyokuwa. Unageuza, unafua, unachemsha uji, unarudi kugeuza. Yusra akija kutoka Fumba, Adil akija kutoka Kiembe Samaki, tunapokezana, hakuna anayemaliza sentensi. Mama hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu, na alikirudia: asife sahani yake ikirudi tupu.

Ndipo nilipokwenda, tarehe 3 Julai, na sahani ya mama mkononi. Nilimwamkia Bi Wanu, akaitika marahaba bila ya kunitazama. Nikamwambia kosa ni langu, mama hakuwa na nia ya kumdanganya.

"Kunidanganya?" alisema. "Mtoto anamtupia mama yake sanduku njiani, we unadhani mimi sioni? Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Sote tulijua. Nilikuwa nakuja kumsikia mama yako leo atasema nini. Mwanangu hanipigii simu, basi alasiri nikipata zangu salamu pale. Sasa umeniweka mtandaoni, hata kujifanya sijui siwezi."

 Nilibaki nimesimama nimeshika sahani. Akaniangalia mikono, akasonya, akaichukua sahani akaitia vipande vinne vya mkate wa ufuta. Kisha akavaa buibui akatangulia yeye.

Siku saba zilizofuata kitambaa cha meza kilikuwa kimetolewa. Mama haoni, Bi Wanu kakaa ubavuni kwake, na kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu. Niliweka ile yenye maandishi, na siku za mwanzo niliyasoma yalivyo. Mama alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayekula chakula kisicho chumvi.

Alkhamis, tarehe 10 Julai, yule mama wa kwenye kioo alikuwa amekaa peke yake chumba cha kupanga, anatazama mlango. Maandishi yalisema hakuna atakayekuja. Nikasema, "Mwanawe amefika."

Mama akauliza, "Kavaa nini?"

"Shati jeupe, mama. Mikono kaikunja."

"Muongo mchanga wewe," alisema. "Mtu anaingia tu? Kwanza hapigi hodi? Rudia."

Nikarudia. Nikasema sasa yuko mlangoni, kavua viatu, anapiga hodi. Bi Wanu alikuwa anakitazama kioo, na kwenye kioo hapakuwa na mtu.

"Karibu," alisema Bi Wanu. "Karibu ndani, mwanangu."

Mama akasema hivyo sasa ndivyo. Alifariki siku hiyo hiyo kwa adhana ya magharibi, mkono mmoja kashikwa na Yusra, wa pili na Bi Wanu. Alizikwa Ijumaa tarehe 11 Julai 2025 baada ya sala, makaburi ya Mwanakwerekwe. Alizaliwa Ijumaa, kazikwa Ijumaa.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wawili Kiwengwa, na shoga yake Bi Wanu, ambaye amenikataza kuandika "aliongopa," niandike "alitafsiri." Klipu nimeshaifuta. Kama yupo ambaye tafsiri zake zilimkosea, tunaomba amwachie, na lililobaki anidai mimi.

Mola ampe raha ya kaburi, na huko alikofika, akipiga hodi, aitikiwe karibu.