Ferenc Bartos, Aliyewatetea Waingereza

Ndugu, jamaa na majirani mliofika leo katika kanisa letu la Ardley Royd, familia imeomba yasomwe maisha ya mpendwa wetu kabla hatujampeleka makaburini.

Marehemu Ferenc Bartos alizaliwa tarehe 14 Machi 1935 katika mji wa Győr, nchini Hungaria, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi wa reli, Mzee András Bartos na mkewe Bi Teréz, na mdogo wake ni Bi Ilona, ambaye umri na miguu havikumruhusu kusafiri kuja kumzika kaka yake.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Győr, akaendelea na chuo cha ufundi hadi mwaka 1953, akaajiriwa katika karakana ya reli aliyofanyia kazi baba yake, lakini mwezi Novemba 1956, vifaru vya jeshi la Kisovieti vilipoingia nchini mwao, yeye na Ilona walivuka mpaka kwa miguu hadi Austria, na kabla ya Krismasi walikuwa wamefika Uingereza, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata wakaletwa katika bweni la wakimbizi hapa kwetu, kwa ahadi kwamba Ferenc angepata kazi katika mgodi wa makaa ya mawe.

Kazi hiyo hakuipata. Wachimbaji wa hapa walikaa kikao wakapiga kura kwamba wageni wasishuke chini, kwa kuhofia ajira zao na kwa kuhofia watu wasiojua Kiingereza mahali ambapo onyo moja lisiposikika watu hufa, na aliyetumwa kupeleka habari hiyo bwenini alikuwa Mzee Wilf Hepworth, ambaye naye alikuwa amenyoosha mkono kukataa. Wilf alikwenda na birika la chai na vikombe, akawamiminia wote wawili, ndipo akasema, "Kijana, hatuna ubaya na wewe hata kidogo, ila mgodini hushuki."

Alipoondoka, Ilona alitupa chai yake nje. "Watu gani hawa? Wanakufukuza huku wanakuuliza sukari vijiko vingapi!"

"Angalau wameuliza," Ferenc akamjibu.

Ugomvi huo wa dada na kaka ulianzia hapo, na haukwisha. Wiki iliyofuata Wilf yule yule alimshika Ferenc mkono hadi kiwanda cha chupa, akamwambia msimamizi kwamba anamdhamini, na Ferenc akafanya kazi kwenye tanuri za kioo kuanzia Februari 1957 hadi alipostaafu mwaka 1997, akifahamika kwa jina la Frank, kwa kuwa hakuna aliyeweza kulitamka lile la kwao. Ilona alisema wamemnyang'anya hata jina, naye akasema wamemwongezea la pili, la kwanza bado analo. Kwa Ilona, Waingereza walikuwa watu baridi kama sakafu ya bafuni, wanaopanga foleni hata kwenye huzuni, na kwa Ferenc walikuwa watu wanaotenda jambo jema halafu wanakimbia wasije wakashukuriwa.

Tarehe 18 Julai 1959 alifunga ndoa na Bi Maureen, binti wa huyo huyo Mzee Wilf. Maureen alikuwa na maoni yake kuhusu watu wa kwao, na mara nyingi aliyasema mezani ili mume na wifi yake waache kelele, wapate kula. "Hatuna ubaya wala hatuna wema wa kuzidi wengine," alikuwa akisema, "sisi ni waoga tu, tunaogopa kukosea neno, basi tunanyamaza."

Walijaliwa watoto wawili, Peter, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1960, na Judith, aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1965. Peter alifariki kwa nimonia tarehe 21 Januari 1963, katika ile baridi ambayo wazee mliopo hapa mnaikumbuka, barabara zikiwa zimefungwa na theluji na gari la wagonjwa limekwama chini ya kilima, baba yake akiwa amembeba ndani ya koti lake, akitembea kulielekea, asiweze kufanya lolote zaidi ya kutembea.

Majirani walifanya waliyoyajua. Asubuhi vilikutwa mlangoni mabakuli ya nyama ya kusaga na viazi, yamefunikwa vitambaa safi, na ndoo za makaa ya mawe, na siku ya maziko wanaume wa mtaa mzima, akiwemo Bwana Derek Oldroyd, walichukua sepetu wakafukua theluji kutoka mlango wa nyumba hadi kaburini, ili jeneza lile dogo lipite. Lakini hakuna aliyevuka kizingiti, na waliokutana na Ferenc barabarani walizungumzia theluji, na jina la mtoto halikutajwa.

"Mtoto amekufa, wanaongea hali ya hewa!" Ilona alipiga kelele.

"Hukuiona ile njia?" Ferenc akasema. "Hukuona walivyofukua?"

Ilona hakuvumilia tena. Mwaka 1964 alirudi Győr, akaolewa huko, na kwa miaka yote iliyofuata walipigiana simu Jumapili baada ya ibada, wakigombana kwa Kihungaria juu ya Waingereza, huku Judith akimsikiliza baba yake akicheka kwa lugha asiyoijua, kwa maana hakumfundisha. "Ya nini?" alikuwa akimwambia. "Wewe ni Mwingereza, mwanangu."

Mwaka 2019 marehemu alianza kuugua ugonjwa wa kusahau, na kilichotangulia kumtoka ni Kiingereza, neno moja moja, hata ilipofika majira ya baridi yaliyopita, akiwa katika nyumba ya kulelea wazee, hakubakiwa na lugha nyingine ila ya utotoni mwake. Alikuwa akimshika mkono kila anayepita, muuguzi, mpishi, mkewe, na kurudia sentensi moja, kama mtu anayedai jibu, nasi hatukuelewa anachosema. Judith akampigia shangazi yake Ilona, akaiweka simu karibu na mdomo wa baba yake.

Ilona alimsikiliza. Kisha akasema kwa Kiingereza chake kilichochakaa, "Anauliza kwa nini hawakuingia."

"Akina nani, shangazi?"

"Majirani. Siku ya kumzika Peter. Anasema mlango ulikuwa wazi." Akaanza kulia. "Mwanangu, mimi sitaki kushinda namna hii."

Bi Maureen alimshika mumewe uso kwa mikono miwili. "Hatukujua la kusema, mpenzi," akamwambia. "Hatukujua tu." Naye alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni, akauliza tena.

Judith alimweleza Bwana Derek wakiwa uani. Derek alitazama juu, akasema mvua inaonekana inakuja, akaingia kwake. Lakini tarehe 9 Februari alifika kwenye nyumba ile ya wazee amevaa koti na tai, akavuta kiti hadi kitandani.

"Frank, ni mimi Derek. Nimeingia, bwana. Ilinipasa kuingia siku ile. Peter alikuwa mtoto mzuri."

Marehemu alipolisikia jina hilo alimkamata Derek mkono, akaanza kusema, akasema muda mrefu kuliko tulivyomsikia mwaka mzima, sauti ikipanda na kushuka, na Derek akiitikia, "Ndiyo, Frank. Ndiyo, mwenzangu." Judith alipiga simu Győr, ikaita bila kupokelewa, kwa kuwa Ilona alikuwa kwa daktari, na alipopiga yeye mwenyewe jioni, kaka yake alikuwa amelala, na hakusema tena. Kama alikuwa akisamehe au akilaumu, hatujui.

Mauti yalimfika tarehe 11 Februari 2023, akiwa na umri wa miaka themanini na saba. Ameacha mjane, binti, wajukuu watatu, na dada anayesikiliza ibada hii kwa simu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomwitikia bila kumwelewa, wenzake wa kiwandani, na majirani wa Ardley Royd kwa vyakula vilivyokutwa mlangoni wiki hii. Bi Maureen ameomba tuseme kwamba leo baada ya maziko atakuwa nyumbani, tafadhali msiishie mlangoni.

Ferenc, pumzika kwa amani. Tungependa kukuambia hivyo kwa lugha yako, ila hatuijui.