Persis Mong'ina: Miaka Thelathini na Minne Nyuma ya Pazia

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Persis Mong'ina anastaafu baada ya kuutumikia Ukumbi wa Sanaa wa Obokano, hapa mjini Kisii, kwa miaka thelathini na minne.

Alianza mwaka wa 1991 akiuza tiketi dirishani. Siku moja msimamizi wa jukwaa aliugua, na Persis, ambaye kwa kusikiliza mazoezi alikuwa ameukariri mchezo mzima, akaombwa ashike nafasi hiyo. Hakuiacha tena. Mwaka wa 2009 akafanywa meneja wa ukumbi pia, ila jukwaa aliendelea kulifagia mwenyewe kabla ya kila onyesho alilosimamia.

Bi. Persis ni Msabato. Hakufanya kazi Jumamosi hata moja, ingawa ndiyo siku yetu kuu ya maonyesho. Kila Ijumaa kabla jua halijatua alimwachia msaidizi wake, Duke Nyabuto, karatasi iliyotaja kila taa na kila kiti. Safari moja aliandika kwamba mwigizaji Nyakundi angesahau kofia, na kwamba iko nyuma ya mlango. Nyakundi akaisahau kweli.

Siku tunayomkumbukia zaidi ni ya mwaka wa 2013. Tulikuwa tumepeleka katika soko moja la mashambani mchezo kuhusu mjane anayesingiziwa uchawi. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, vijana walizingira jukwaa, wengine wakiwa na mawe mkononi, wakidai tunawatetea wachawi. Waigizaji wakaanza kufunga mizigo. Bi. Persis akatoka peke yake, akasimama mbele yao. Hakupaza sauti.

"Wanangu, mmeona nusu. Ketini muone nusu iliyobaki, kisha mniambie mimi tumekosea wapi."

Aliyeketi kwanza ni Onyiego, yule aliyekuwa amepiga kelele kuliko wote. Mchezo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Watu waliondoka polepole, wakiongea chini kwa chini.

Njiani tukirudi, Gladys, aliyeigiza mjane, alimuuliza Bi. Persis kama hakuogopa. Alijibu kwamba aliogopa sana. Kisha akatueleza jambo ambalo hakuwahi kulitaja: mama yake mzazi alisingiziwa vivyo hivyo, akafukuzwa kwake, akafia ugenini. Siku aliyofukuzwa, majirani walijaa uani, na hakuna aliyefungua kinywa.

Wiki mbili baadaye Onyiego alifika ofisini, akaomba tuupeleke mchezo ule kanisani kwao. Tuliupeleka, kisha Nyakoe, Kenyenya na masoko mengine tisa. Bi. Persis hakukosa safari hata moja.

Mama, sasa unarudi nyumbani Sironga kwa chai yako na migomba yako. Mungu akuzidishie siku, nazo ziwe za amani. Asante kwa kutonyamaza.