Koki ya Gurudumu la Kulia

Zima hiyo televisheni, Janelle, na wewe Dwight weka funguo za lori mfukoni, maana hakuna anayetoka humu ndani mpaka nimemaliza. Lyle, sogeza kiti karibu na dirisha nikuone uso. Nesi amesema nisiongee sana, nami nimemwambia akakae jikoni ale ile keki ya tufaha waliyoleta watu wa kanisani, kwani nikishakufa nitanyamaza vya kutosha. Tegeni masikio, wanangu. Nitasema mara moja tu, kwa sababu pumzi imenipungua na mpira huu wa hewa unanichubua pua.

Wakili alikuja wiki iliyopita mkiwa kazini. Kila kitu kimeshasainiwa, kwa hiyo msijisumbue kunibembeleza wala kuniletea maua.

Nyumba hii, na shamba la mahindi lililo nyuma yake hadi kwenye kijito, ni vya Lyle. Gereji ni ya Janelle, pamoja na gari la mashindano, trela, mashine ya kunolea diski na kila spana aliyoiacha baba yenu Harlan. Usinikodolee macho, Dwight. Najua umekuwa ukiingia katika gereji ile kama vile mimi nimeshafukiwa. Tulia, zamu yako inakuja.

Janelle, usidhani nimekupa kwa mapenzi. Niliwapenda wavulana zaidi, na wewe ulilijua hilo tangu ukiwa mdogo, ndiyo maana hukuwa mtoto wa kulialia. Nimekupa kwa sababu una mikono. Unapikia watoto wa shule mchana kutwa, halafu unakuja kulala chini ya gari kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, huku kaka yako anakunywa bia mlangoni na kukuita Mama Kantini. Mimi nami nilikuwa nacheka. Alikuwa akichekesha kweli, na wewe ukinuna unapendeza kumtazama.

Sasa sikiliza, maana gereji bila akili ni banda tu. Vijana wengi wa uwanja wetu wanadhani breki ni ya kusimamisha gari. Kwenye duara la udongo breki ni usukani wa pili. Kona zote ni za kushoto, basi unachouliza kabla ya kushusha gari kwenye trela ni hiki: leo udongo unashika au unateleza? Ukiwa na unyevu unashika, funga koki inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele la kulia, breki ibaki kwenye yale matatu, na dereva akigusa tu pedali, pua ya gari inavutwa kushoto yenyewe. Ukikauka ukang'aa kama sakafu iliyopigwa nta, fungua koki, rudisha magurudumu yote manne, na nguvu ya breki isogeze mbele kidogo, la sivyo mkia wa gari utamtangulia dereva. Diski nyepesi zilizotobolewa mashimo ni za mbio fupi. Zikija mbio ndefu, weka zile nzito za chuma hata kama dereva atakulilia kuhusu uzito, kwa sababu nyepesi zikipata moto zinapinda, mafuta ya breki yanachemka, na pedali inazama mpaka sakafuni wakati ambapo anaihitaji kuliko mama yake. Na kuna jambo moja lililo juu ya yote haya: usimfungie koki dereva ambaye hajui kwamba imefungwa.

Umeinamisha kichwa, Dwight. Inua. Nataka ulisikie hili ukinitazama.

Mnaikumbuka ile siku ya mashindano ya mwisho wa msimu, katika uwanja wa maonyesho, ile vuli ya ukame. Asubuhi walimwaga maji, jua likayanywa yote, na kufikia jioni udongo ulikuwa umekauka mpaka unajiona sura yako. Dwight alikuwa amefuzu mbele kabisa. Halafu kwa akili zake akampiga mtu ngumi kwenye foleni ya soseji kwa sababu ya maneno ya kijinga, akavunjika mfupa wa mkono. Gari liko tayari, nafasi ya mbele ni yetu, dereva hana mkono. Ndipo Lyle aliposema, mimi nitaendesha. Lyle, uliyekuwa dereva wa lori la maziwa, uliyeacha mbio tangu upate mke, na mke mwenyewe hakukaa.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya trela na kikombe changu. Nikamwita huyu mkubwa. Nikamwambia, 'Dwight, mfungulie mdogo wako koki ya kulia. Yeye si wewe. Mpe breki nne.'

'Nimeshafungua, Mama. Kunywa kahawa yako.'

'Umefungua kweli?'

'Nimefungua bwana. Unataka nikuapie kwa kaburi la mzee?'

Nikanywa kahawa yangu. Mtu akiapa kwa Harlan mimi humwamini.

Lyle aliendesha vizuri, lazima niseme, vizuri kuliko nilivyomdhania. Watu walikuwa wamesimama. Mbio zilikuwa zimepita nusu na yeye bado yuko mbele, anawapita sasa wale wa mwisho mwisho, mara mmoja wao akazunguka akasimama katikati ya kona ya tatu. Lyle akakanyaga. Gari lenye breki nne lingeinama pua na kupungua mwendo, akapita kwa ndani. Lile lilichomoka kushoto kama limepigwa teke, likakaa ubavu katikati ya njia, na yule aliyekuwa akimfuata akaingia naye mlangoni. Sauti ile mliisikia wote. Mimi ndiye niliyeshika kichwa chake wakati wanakata bati, akawa ananiuliza kama mguu wake upo, nami nikamwambia upo, na kweli ulikuwepo, ila haukuwa na kazi tena, wakaukata.

Na wewe Dwight, hospitalini, mdogo wako hajaamka bado, ukamwambia daktari na kila mtu aliyepita kwenye korido, 'Alikanyaga breki kama anaua panya.' Maneno yakapendeza. Ukayarudia kwenye chakula cha Siku ya Shukrani, ukayarudia kwenye harusi ya binti yako, mpaka watoto wadogo wa uwanjani wakawa wanamuigiza Lyle, wanapiga mguu chini na kupinduka. Na Lyle alikuwa anacheka nao. Mimi nikimtazama anavyocheka na ule mguu wa plastiki, nilikuwa nasema moyoni, huyu ni mnyonge, hana uti wa mgongo, aliua gari langu na yeye anacheka. Niliamini hivyo miaka yote. Nilimpikia, nilimfulia, na nilimdharau.

Mwezi wa saba alikuja Gaylen, yule mwenye bredauni aliyelivuta gari siku ile. Alikaa hapo hapo alipokaa Lyle. Kansa yake na yangu ni ndugu, akasema hataki kwenda nayo kaburini. Akaniambia alipolifunga gari mnyororo alichungulia ndani, akaona koki ya kulia imefungwa, imebanwa mpaka mwisho. Akaniambia Dwight alifika na mkono wake wenye bandeji, akaingiza ule mzima akaifungua, kisha akamtazama na kusema, 'Gaylen, wewe una watoto, na kazi zote za uwanja huu zinapitia kwangu.'

Nyamaza, Dwight. Usimtukane mtu mgonjwa. Ungekuwa na la kusema ungelisema siku ile, mbele ya daktari.

Hukuifungua kwa sababu ulijua gari likiwa na breki tatu lina kasi kwenye kona, na ulitaka jina la gari lako lisomwe la kwanza hata kama anayeliendesha ni mwingine. Hiyo peke yake ningeielewa. Mimi ni mama wa watu wa mbio, sijazaa mashemasi. Lakini ulichukua mguu wake, halafu ukachukua na jina lake, ukalifanya kichekesho cha kunywea bia.

Basi urithi wako ni huu. Kule nyuma ya banda, chini ya turubai, kuna gari lile lile, lililobondeka vile vile, na damu yake imekuwa kutu. Ni lako. Utalivuta mpaka mbele ya nyumba yako, ulikalishe mahali ambapo wajukuu zangu wataliona wakienda kupanda basi la shule. Wakikuuliza, utawaambia. Msimu ukifunguka watu wa uwanja watataka kusimama kimya kwa ajili yangu, wanapenda mambo hayo, na watakupa kipaza sauti kwa kuwa wewe ni mkubwa. Utasema siku ile koki ilikuwa imefungwa, na nani aliiacha imefungwa. Na wewe Janelle, asiposema, asiguse gari la mashindano. Hata kuosha kioo asioshe. Ni lako sasa, unaweza.

Unalia. Nilidhani nitafurahi kukuona unalia, na kweli nafurahi.

Nini, Lyle? Sema kwa sauti, sikusikii, hii mashine inanguruma.

Ulijua.

Ulijua nini? Janelle, mwambie arudie, au masikio yangu yameshatangulia. Anasema alijua. Anasema kwenye ile mizunguko ya kupasha tairi, kabla bendera haijashushwa, aligusa pedali mara moja, gari likavutwa kushoto, akajua koki imefungwa. Na koki iko hapo kwenye goti la dereva. Unaifungua kwa vidole viwili. Kwa nini hukuifungua, wewe mtoto?

Anasema alitaka kuendesha gari kama Dwight anavyoliendesha. Alitaka kuona kama anaweza. Na kwa zaidi ya nusu ya mbio, aliweza.

Na miaka yote hii ukanyamaza. Ukacheka nao. Sema, kwa nini?

'Nilikuwa namwona Dwight anavyonitazama akimaliza kusema, Mama. Nikaona adhabu hiyo inamtosha.'

Haimtoshi. Wewe nani wa kusema inamtosha? Nimelala hapa tangu mwezi wa saba nikila uji na chuki, nikapanga maneno haya moja moja kama mtu anayepanga pedi za breki mezani, na ninyi wawili mlikuwa na siri yenu tayari, mnapitishiana juu ya kichwa changu kama chumvi. Mmeniibia hata hili.

Basi. Karatasi zimeshasainiwa na sina nguvu ya kumwita wakili tena. Hakibadiliki kitu. Gari bovu ni la Dwight. Kipaza sauti ni cha Dwight. Nyumba ni ya Lyle, ingawa sasa sijui kama naiacha kwa mnyonge au kwa mjinga, na sina muda wa kujua. Janelle, gereji funga kila jioni, hawa wote wawili wana funguo za zamani, badilisha kufuli.

Nizikeni kando ya Harlan, si juu yake, alikoroma vya kutosha. Msiniwekee gari la kuchongwa kwenye jiwe. Viatu vyangu vya gereji mpeni yeyote mwenye mguu wangu. Mchungaji asiseme nilikuwa mpole, watu watamcheka.

Janelle, Mungu ailinde mikono yako, na akupe dereva anayesikia. Lyle... Lyle, akupe... sijui ulikuwa unataka nini, akupe hicho. Inatosha. Wewe Dwight sikubariki. Usisogee, nimesema sikubariki.

Hewa. Mto huu umeshuka. Janelle hapana, utaumiza mgongo wako. Lyle hawezi kusimama sawasawa. Njoo wewe, Dwight, ndiye mwenye mabega. Pitisha mkono chini ya... hapo. Inua. Juu kidogo. Usiseme kitu, usiniombe kitu. Shika tu hivyo hivyo.

Usiachie bado.