Picha ya Mlango Niliyoifuta Kuze

Ndugu zangu, Yesu yu hai, na mimi nimesimama hapa mzima kusema hivyo! Wengi wenu mnanijua kwa uso tu, yule kijana wa Kitaita anayezunguka Mji wa Kale na kamera shingoni. Leo nataka mjue Mungu alinitoa wapi.

Mama alitangulia. Baada yake akaenda baba, aliyekuwa kuli bandarini Kilindini. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikuwa kidato cha pili tulipomzika baba, na darasani sikurudi tena. Nyuma yangu walikuwapo dada zangu wawili, Wakesho na Mghoi, na chumba kimoja cha kupanga. Baba alipokuwa kitandani hospitalini alinishika mkono akaniambia, "Usiwaache watawanyike." Hakuongeza lingine. Ndugu zangu, neno hilo nililala nalo na kuamka nalo!

Nilibeba mizigo ya watu pale Feri. Niliuza maji. Mwishowe nikapata kazi ya kufagia studio ya picha karibu na mtaa wa Kuze. Mwenye studio ni mzee wa Kiarabu, mpole, asiyejua kumnyima mtu. Akaniruhusu kutumia kompyuta yake wateja wakipungua, akanipa na kamera yake ya zamani. Nikaanza kupiga picha milango ya kuchonga ya Mji wa Kale. Nikafungua duka mtandaoni, nikawa nauza picha za kutundika ukutani.

Msidhani ni kazi nyepesi! Picha ya kwanza niliyouza niliituma kwa mchapishaji kama ujumbe wa simu. Simu ikaipunguza ukubwa, ikanywea njiani. Ilipotoka kwenye karatasi, mlango ulikuwa umevurugika kama unaouona ukiwa na machozi. Ya pili nikaituma ikiwa nzima, lakini ikatoka nyeusi tititi. Hapo nikafundishika. Simu ina mwanga wake yenyewe, karatasi haina. Picha inayong'aa mkononi itakuja kukusikitisha ukutani, usipoongeza mwanga kwenye sehemu zenye giza kabla ya kuchapisha. Nikajifunza kunyoosha mistari, kusawazisha rangi, kufungua giza. Nikaipenda kazi hiyo kwa moyo wangu wote.

Lakini nilikuwa mfungwa, ndugu zangu. Nilifungwa na woga. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akinipigia simu kutoka Taita na kunikemea. "Mtu mzima unapiga picha milango! Wenye nyumba wenyewe hawaiangalii!" Alikuwa ameshapanga. Mghoi aende kwake akasaidie shambani, Wakesho apelekwe Nairobi akafanye kazi za nyumbani kwa rafiki yake. Si mtu mbaya, alituonea huruma kwa njia yake. Nami kila aliponiambia hivyo nilijibu, "Sawa Shangazi, tutaona." Sikuwahi kumwambia hapana. Nilimwogopa yeye, nikaogopa na kesho.

Ndipo akatokea mteja. Mama mmoja wa ng'ambo, anayepamba nyumba za wageni, aliliona duka langu. Akaniandikia kwamba anataka milango yangu katika nyumba zake zote, na kazi itaendelea mwaka hadi mwaka. Ila kwanza alitaka picha moja, ichapishwe kubwa kama ukuta: mlango wa Kuze wenye ubao mmoja wazi na mwingine umefungwa. Nilipowaambia dada zangu, Mghoi aliruka juu ya kitanda mpaka jirani akagonga ukuta. Nikampigia Shangazi. Akasema, "Haya. Shule zikifunguliwa nitakuja. Nikija nisioneshwe milango, nioneshwe kazi."

Ijumaa moja mchana, mwenye studio alikuwa amekwenda msikitini. Nikaketi kuitayarisha picha ile. Kwenye kamera, ule upande uliofunguka ulikuwa giza tupu. Nami, kama nilivyozoea, nikaanza kulifungua giza ili lisitoke kama lami kwenye karatasi. Kidogo. Kidogo tena. Ikatokea sakafu. Ikatokea sinia. Kisha akatokea mtu!

Alikuwa mama mwenye nyumba, Bi Mwanaisha. Ameketi ndani ya nyumba yake, kichwa wazi, mabega wazi, anachana nywele.

Ndugu zangu, ninyi mnaishi Mombasa, sina haja ya kuwaeleza. Mama yule hajawahi kutoka kwake bila buibui. Mimi, mwanamume nisiye wa nyumba ile, nilikuwa nimemwingilia chumbani kwa kidole kimoja. Nikaizima skrini.

Shetani hakukawia! Akaniambia, irudishe giza, uza, nani atajua? Lakini nilijua. Yeyote atakayeipata picha ile atalifungua giza lile kama nilivyolifungua mimi. Nikamwandikia mteja kwamba ndani kuna mtu, sitaweza kuiuza. Akajibu upesi. Anataka kumwona! Akasema picha yenye mtu ina uhai, niongeze mwanga zaidi, na huko kwao hakuna atakayemjua mama huyo.

Nilipiga magoti palepale kati ya viti vya wateja. Nikasema, Bwana, dada zangu wako ndani ya picha hii. Nikiifuta, Shangazi atawachukua. Nikiiuza, nitawalisha kwa aibu ya mama wa mtu. Sikusikia sauti, wala sikuona maono. Niliinuka nikijua tu la kufanya. Nikaiondoa dukani, nikaifuta kwenye kompyuta. Ikabaki ile ya kwenye kamera. Hiyo niliona ifutwe mbele ya mwenyewe, asije akaishi akijiuliza.

Nilimwita Wakesho tukaenda Kuze. Yeye akapiga hodi, akaingia na kamera, akamweleza Bi Mwanaisha yaliyotokea. Mimi nikakaa barazani, uso njiani. Nikawasikia nyuma ya pazia.

"Kwani yuwapi huyo nduguyo?"

"Yuko barazani, Bi."

"Amegeukia wapi?"

"Njiani, Bi."

Nikasikia kicheko. "Nywele zenyewe mvi tupu! Nani wa kuzinunua hizi?" Kicheko kikakatika. "Lakini ni zangu. Futa, mwanangu."

Wakesho akafuta. Halafu sauti ikanijia mimi. "Wewe kijana!"

"Naam, Bi."

"Mungu akuzidishie haya. Na ni nani aliyekufunza kuupiga picha mlango u wazi? Ubao mmoja ukifunguliwa, nguzo ya katikati yaenda nao ndani, na fundi alimaliza ufundi wake wote pale. Njoo kesho asubuhi nikufungie."

Nikaenda. Bi Mwanaisha akaufunga mlango wake kwa ndani, nami nikaupiga jua likiwa bado changa. Nikamtumia yule mama wa ng'ambo. Akanijibu kwamba mlango uliofungwa kila mtu anauza. Akaenda kwa mwingine. Duka langu likanyamaza, ndugu zangu, likanyamaza kabisa!

Shangazi akaja. Alikuja na mabegi mawili matupu ya kutilia nguo za watoto. Akauliza, "Kazi iko wapi?" Nikamweleza yote. Akapiga makofi. "Yaani ulipewa riziki, ukaifuta? Kwa ajili ya nywele za mtu asiye hata jamaa yako?"

Mghoi alikuwa amejificha nyuma yangu, ameshika shati langu. Nami, ndugu zangu, nilitafuta ule woga wangu nikaukosa! Ulikuwa umekwenda. Mtu aliyekwisha kuiachia picha ile hana tena la kutishwa nalo. Nikasema, "Shangazi, nakuheshimu kama baba. Lakini watoto hawa hawaondoki. Nitafagia, nitabeba mizigo, nitapiga picha. Tutalala hapa sote watatu."

"Watakula milango?"

"Watakula nitakachokula mimi."

Alinikodolea macho. Hakukubali, ila mabegi aliyaweka chini. Akasema atakaa nasi mpaka aone mwisho wa ukaidi wangu.

Bwana ni mwema! Bi Mwanaisha ana mwana anayefanya kazi Uarabuni. Mama huyo alikuwa amemtumia ile picha ya mlango uliofungwa, niliyompa kama shukrani. Kijana yule akaniandikia kwamba aliiangalia akakumbuka mamake akimfungia nje kwa kuchelewa kurudi chuoni kwa maalimu. Akaagiza moja kubwa ya sebuleni kwake, akawaambia wenzake aliocheza nao utotoni. Hao nao wakataka milango ya kwao. Sikuhitaji tena kuomba ruhusa vichochoroni. Mabibi waliniita wao wenyewe kutoka madirishani. "Kijana! Wetu lini?" Mmoja akamweleza jirani yake, "Mpe nafasi huyo, ndiye yule alofuta." Walikuwa wakifunga milango yao, mimi napiga, na kila nyumba ilikuwa na mtoto mbali anayeikosa.

Na Shangazi? Siku moja nilimkuta sakafuni na Mghoi, anaziviringa picha na kuzitia kwenye maboksi marefu, anamkemea mtoto asiguse wino kwa vidole. Wakesho alikuwa amekwenda shule. Shangazi hakuniomba radhi, wala mimi sikutaka. Alisema tu, "Baba yako angekaa nao hivi hivi." Kesho yake akarudi Taita na mabegi yake, matupu kama alivyoyaleta.

Namshukuru Mungu aliyenifungua woga kabla hajanifungulia riziki, maana vingekuja kinyume chake ningedhani ni ujanja wangu. Ndugu yangu uliyeketi hapa, pengine leo umeshika kitu kinachoweza kukutoa shidani haraka, lakini kinamvua mtu mwingine sitara yake. Najua unavyokihitaji. Najua na wanaokutegemea. Kiachie! Mtumaini Bwana mikono ikiwa mitupu, uone kama watoto wako watatawanyika. Wangu wako pale, benchi la tatu, wote wawili. Simameni, dada zangu, kanisa liwaone!